Printa ya rangi isiyokula faida

SWALI: Shikamoo mama. Nimefungua steshenari karibu na shule hapa Morogoro. Printa niliyoipata kwa bei ya kutupa imenimaliza, kila wiki nanunua katriji ya rangi. Ninunue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nami nilianza na printa kama hiyo; faida ya kadi za harusi yote iliishia kwenye katriji.

Tafuta printa ya tangi, ile unayojaza wino wa chupa: Epson EcoTank, HP Smart Tank au Canon PIXMA za G. Bei yake itakushtua dukani. Lakini angalia Epson L3250: chupa nyeusi ya mililita 65 kiwanda huikadiria kurasa 4,500, na zile tatu za rangi kwa pamoja kurasa 7,500. Picha za ukurasa mzima zitashusha hesabu hiyo. Ujue pia kwamba haigeuzi karatasi yenyewe, hivyo mitihani ya pande mbili utaigeuza kwa mkono.

Jambo moja nakusihi: jioni izime kwa kitufe chake, usichomoe waya ukutani. Ukiizima vizuri utasikia kichwa kinachotoa wino kikirudi pembeni, tik, kufunikwa kisikauke. Na kila wiki toa ukurasa mmoja wa rangi, hata kama hakuna mteja. Mimi njano ndiyo iliyoziba, nyuso za maharusi zikatoka za zambarau, nikarudisha pesa ya watu.

Kama rangi unaitoa mara chache tu kwa mwezi, printa ya leza itakufaa zaidi, maana tona, yaani wino wake wa unga, haikauki.