Mkono Mzuri Utupwe Lini: Poka ya Dau Dogo

Wengi wetu Mombasa tulijifunza karata barazani, kwa wahedi wa sitini, na mchezo ule una desturi yake: ukishagawiwa, unacheza mpaka karata ya mwisho. Desturi hiyo ukiingia nayo kwenye meza ya poka itakumaliza. Poka inakuruhusu kutupa karata zako wakati wowote zamu yako inapofika, na pesa nyingi zinazopotea kwenye meza za dau dogo hupotea kwa sababu mtu ameshika kitu kizuri akaona haya kukiachia. Mbili na saba, karata dhaifu, kila mtu anatupa. Kazi ni kutupa ree na mfalme wakati mfalme mwingine yuko mezani.

Nazungumzia Texas Hold'em (kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano za pamoja hufunguliwa mezani: tatu, kisha ya nne, kisha ya tano) ya kukaa kasino, dau za lazima, zile ambazo watu wawili huweka kabla ya kuona karata, 50 na 100, watu tisa mezani, wengi wao wamekuja kupumzika baada ya kazi. Meza ya namna hii ina sifa moja ambayo ushauri huu wote umesimama juu yake: watu hufuata dau (huweka sawa na la mwenzao) kupita kiasi, lakini huongeza (huweka kubwa zaidi) mara chache mno. Atakufuata na jozi ndogo, atakufuata na flashi (karata tano za aina moja, kama shupaza tupu) isiyokamilika, atakufuata hata kwa kutaka kujua tu. Kwa hiyo kufuata kwake hakukuambii kitu. Mtu huyohuyo akiongeza dau baada ya karata ya nne au ya tano, jozi mbili ndiyo chini kabisa ya alichonacho. Kwake jozi moja ni ya kufuatia, si ya kuongezea, na kutishia bila kitu kwa pesa nyingi si mchezo wake.

Tuchukue mkono mmoja tuuhesabu taratibu. Una ree ya uru na mfalme wa pau. Unaongeza hadi 500, wawili wanafuata, wenye dau za lazima wanatupa. Poti, yaani pesa zote zilizowekwa katikati, ina 1,650. Karata tatu za kwanza: mfalme wa kopa, tisa ya shupaza, nne ya shupaza. Unaweka 1,000, mmoja anabaki, na ni yule mzee mtulivu ambaye jioni nzima hajaongeza. Poti sasa 3,650. Karata ya nne ni saba ya uru. Unaweka 2,200. Anakaa wima, anasogeza kikombe cha kahawa pembeni, anasukuma 6,500. Nyuma yake zimebaki 9,000, na wewe unazo za kutosha kuzifunika.

Kwanza bei. Unatakiwa kutoa 4,300 zaidi, na mezani kuna 12,350. Gawanya 4,300 kwa 16,650, yaani jumla ya hizo mbili: unahitaji kushinda karibu mara 26 katika kila 100. Wengi huishia hapo wakafuata, na hapo ndipo kosa lilipo. Kuna karata ya tano bado, na mtu wa aina hii akishaongeza hasimami. 9,000 zake zitakuja. Bei halisi ni 13,300 ili upate 21,350, yaani unahitaji kushinda zaidi ya mara 38 katika 100. Jiulize swali kwa bei hiyo ya pili.

Sasa hesabu alichoweza kushika. Jozi ya tisa mkononi, ambayo na ile ya mezani inakuwa tisa tatu, ina namna tatu (njia tatu za kuipata kwa karata zilizobaki), ya nne tatu, ya saba tatu. Hizo ni tisa, na dhidi yake huna karata hata moja ya kukuokoa. Mfalme na tisa: wamebaki wafalme wawili na tisa tatu, namna sita, na wewe unabakiwa na ree tatu tu za kukusaidia. Tisa na saba za aina moja, zote kopa au zote pau, namna mbili. Jumla 17 zinazokupiga. Ili kufuata kuwe na maana kwa bei ile ya 38, lazima aongeze vilevile na namna 11 hivi za mikono iliyo chini yako. Mfalme na malkia zina namna nane. Je, mzee huyu anaongeza na mfalme na malkia kila anapowapata, na juu yake flashi ambazo hazijatimia? Haongezi. Anafuata. Tupa.

Ukiona hesabu hii ni ndefu kufanyia mezani, ni kweli, ni ndefu. Fanyia nyumbani, mikono mitatu minne kwa wiki, na karata zenyewe mezani. Baada ya muda namba za msingi zinakaa kichwani: jozi ya mkononi ambayo mwenzake mmoja ameshatoka ina namna tatu; karata mbili tofauti ambazo hujaona hata moja zina 16; ukiona moja, zinabaki 12.

Jambo la pili ni ukubwa wa mafungu, yaani chipu alizobaki nazo kila mtu, ukilinganisha na poti. Kwenye mkono ule, kabla ya dau la kwanza mezani, yeye alikuwa na 16,500 na poti 1,650, yaani mara kumi. Kwa uwiano huo jozi moja, hata ya ree, ni mkono wa poti ndogo. Uwiano ukishuka hadi mara tatu au chini, mambo yanageuka: jozi ya juu na ree pembeni huitupi, unaingia nayo mpaka mwisho, kwa sababu kilichobaki ni kidogo na yeye ataingia na vingi vilivyo chini yako. Ndiyo maana kabla ya kuongeza angalia fungu la kila aliyebaki. Mtu mwenye 2,500 hatishi kwa namna moja na mwenye 17,000.

Jozi si peke yake. Flashi ya malkia ni mkono mzuri, lakini meza ikijirudia, mathalani nane mbili, na mtu aliyekuwa akifuata kimya akaongeza kwenye karata ya tano, umekwishapigwa na fulhausi (tatu za namba moja na jozi) au flashi kubwa. Vivyo hivyo streti (karata tano zinazofuatana) ya chini wakati shupaza nne zimelala mezani.

Dalili za mwili zipo, ila zisikuongoze, zithibitishe tu. Mkono unaotetemeka wakati wa kuweka chipu mara nyingi ni wa mtu aliyepata kitu kikubwa. Wageni hudhani ni woga. Anayeangalia karata inayofunguliwa kisha macho yake yakaenda haraka kwenye chipu zake, mara nyingi imempendeza.

Upande wa pili, usigeuke mtu wa kutupa kila kitu. Kijana anayeongeza kila poti hastahili heshima ya mzee wetu. Kwake jozi ya juu inatosha kufuata. Na jozi ya wafalme kabla ya karata za mezani usiitupe kwa kuogopa ree: mezani penye wapinzani wanane, uwezekano kwamba mmoja ameshika ree mbili ni kama 4 kwa 100.

Namna ya kutupa nayo ina adabu. Subiri zamu yako. Ukitupa mapema unamharibia aliye mbele yako. Sema "natupa", sukuma karata zikiwa zimefunikwa kuelekea kwa mgawaji. Usizifunue ili kutafuta pongezi, maana kuanzia hapo kila mtu anajua unaweza kusukumwa ukaondoka, na hata wale wasiotishia watajaribu. Usimwombe akuonyeshe zake. Akizionyesha mwenyewe, angalia vizuri: ikiwa alikuwa na flashi isiyotimia, basi kwake yeye orodha ya mikono iliyo chini yako imeongezeka, na siku nyingine ukimhesabia 17 zinazokupiga, weka pia namna zote za shupaza mbili ambazo angefuata nazo tangu mwanzo.