Planetes: ninayoisifu, na pale iliponivunja moyo

Aliyeanzisha uzi anauliza kama Planetes, anime (katuni ya Kijapani ya mfululizo), inastahili muda wake, maana ameambiwa ni katuni ya wazoa taka na kwamba inachosha. Nimeitazama peke yangu na nimeitazama na wenzangu wa kazini hapa Jinja, Uganda, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu. Mwisho wake sitaumwaga.

Ni mwaka 2075. Mwezini kuna mji, watu wanachimba heliamu-3, gesi ya kuzalishia nishati, na chombo cha kwenda Jupita kinaundwa. Angani, juu ya vichwa vya wote, kumejaa mabaki: setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi, skrubu. Hachimaki, Tanabe, Fee na Yuri wameajiriwa na kampuni kubwa, Technora, kuyaokota. Kitengo chao hakiingizi faida, watu hawatoshi, na wenzao kazini wanakiita Nusu Kitengo.

Mimi ni fundi wa matengenezo kiwandani. Wakubwa wanatukumbuka siku mashine inaposimama. Ikizunguka miezi na miezi bila kusumbua, wanaanza kuuliza sisi tunalipwa kwa kazi gani. Ndiyo maana hadithi hii ilinishika mapema. Tanabe, mgeni kazini, anaambiwa aandike wosia kabla ya kuzoea kazi, kwa sababu ni utaratibu. Hachimaki anavaa nepi ndani ya suti kwa kuwa huko nje hakuna choo. Watu wanasumbuana juu ya bima, gharama, nani apandishwe cheo. Mwenzangu mmoja, fundi wa umeme wa siku nyingi asiyejali katuni hata kidogo, aliniomba nisimamishe picha pale kwenye wosia, akasema, "Hawa walikaa na watu wa kazi kabla ya kuandika." Nakubaliana naye kabisa.

Na sayansi yake imesimama. Mfululizo unafunguka na ajali ya mwaka 2068: skrubu moja inapiga dirisha la chombo cha abiria, na mke wa Yuri ni mmoja wa wanaokufa. Kuna wanaosema wameongeza chumvi. Hapana. Kitu kilicho kwenye mzunguko wa karibu na dunia kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na vitu viwili vikikutana kutoka pande tofauti, kasi ya kugongana inazidi hapo. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo chuma kidogo kama kidole kinatosha. Donald Kessler, mwanasayansi wa NASA, na mwenzake waliandika tangu 1978 kwamba vipande vinaweza kugongana na kuzaa vipande vingine bila mwisho. Anime hii ilirushwa kuanzia Oktoba 2003 hadi Aprili 2004. Februari 2009, setilaiti ya Kirusi iliyokwisha kufa, Kosmos 2251, iligongana na setilaiti nyingine, Iridium 33, iliyokuwa bado inafanya kazi, juu ya Siberia. Na kwa majirani zetu Kenya, mwisho wa Desemba 2024, pete ya chuma ya roketi yenye uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Ukitoka kusoma habari kama hizo ukaiwasha Planetes, hutamwita Hachimaki mzoa taka tena.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya 11. Anakuja Temara, fundi kutoka El Tanika, nchi maskini ya kubuniwa. Ameleta suti ya angani waliyoiunda wenyewe kwao, anaomba ijaribiwe tu. Anayemkatisha tamaa zaidi ni Claire, aliyezaliwa nchi hiyohiyo akapanda hadi ofisi za juu na hataki kukumbushwa. Huku suti inajaribiwa, vita vinawaka nyumbani kwake. Nchi maskini inatafuta nini angani? Sisi Waganda tunalijua swali hilo vizuri. PearlAfricaSat-1, setilaiti yetu ya kwanza, ilipaa Novemba 2022 kutoka Virginia. Wahandisi wetu waliijenga Japani, kwenye taasisi ya teknolojia ya Kyushu. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Nilifurahi mno siku ile, na nikasikia watu barabarani wakisema nchi isiyo na dawa za kutosha inatafuta nini angani. Temara anajibu kwa kazi ya mikono yake, bila hotuba. Sijaona anime nyingine ya anga iliyomheshimu mtu wa aina yetu namna hiyo.

Ndiyo maana nusu ya pili iliniuma. Waandishi wameuliza swali zito: nishati ya mwezini inawatajirisha wachache, je, waliobaki chini wafanye nini? Kisha swali wanawakabidhi magaidi wenye bunduki na mabomu, na hapo mtazamaji anaruhusiwa kuacha kulifikiria. Claire, mhusika ambaye hayumo kwenye manga (vitabu vya katuni) ya Makoto Yukimura iliyozaa anime hii, na ambaye anime ilifanya vyema kumbuni, alistahili hoja, akapewa silaha. Jibu la Tanabe kwa kila kitu ni upendo. Nampenda Tanabe, na mwishoni upendo wake unajaribiwa kwa gharama kubwa kweli, lakini kwa mtu ambaye nchi yake inapigwa mabomu upendo wa mgeni hautoshi, na anime haitaki kulisema hilo.

Hachimaki naye anabadilika ghafla mno akishaanza kuitamani safari ya Jupita. Manga inamchimba polepole zaidi. Vichekesho vya ofisini, hasa wale wakubwa wawili wa kitengo, vingepunguzwa nusu. Sehemu ya 6, ile ya wanaojifanya ninja mwezini, iruke tu, hutapoteza kitu. Ya 7 usiiruke hata ukiwa na usingizi: kuna msichana aliyezaliwa mwezini, na mwili wake umekua kwa namna ambayo utaifikiria siku nyingi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, itazame. Ni sehemu 26. Usiipeleke kwenye kibanda cha video ambako watu wanataka ngumi na VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti, akipaza sauti juu ya kila neno. Hii inahitaji ukimya na maandishi ya chini. Kama ya kwanza hadi ya tano zitakuchosha, vumilia hadi ya 11 kabla ya kuamua. Baada ya hapo tafuta manga, ni vitabu vinne tu, uone Hachimaki alivyotakiwa kuwa. Ukimaliza rudi hapa uniambie unamwonaje Claire, maana kwa huyo bado nina mengi ya kubishana.