Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Sauzi mpaka Dodoma, bima nakata wapi?

SWALI: Habari za kazi Anko. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimedunduliza hela miaka mitatu na sasa nataka niende Sauzi nikanunue pikipiki kubwa ya safari, siisii 650 kwenda juu, maana huku ukiipata iliyotumika bei yake inatisha, alafu niiendeshe mwenyewe kupitia Botswana na Zambia mpaka nyumbani. Nina rafiki yuko Johannesburg, anasema nimtumie hela anunue kwa jina lake, mi nikifika ni kuwasha na kuondoka. Je bima nakata wapi, na moja inatosha nchi zote? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Mbukwenyi mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na safari yako nimeipenda kweli, ila hapo kwenye jina la rafiki nimeshtuka, kwaiyo naanza na hapo kabla ya bima, maana bima inakatwa kwa karatasi za pikipiki na karatasi zikiwa za mtu mwingine kila kitu mbele yake kinakuwa cha wasiwasi.

Haya yalishanikuta. Nilinunua pikipiki Lusaka, aliyeniuzia alikuwa mmiliki wa pili lakini kadi bado ina jina la yule wa kwanza, mkononi nina karatasi ya mauziano tu ambayo tuliandikiana pale pale gereji. Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nikakwama siku mbili natafuta kwa simu mtu ambaye hata sura yake siijui athibitishe kwamba aliiuza kweli na haikuibiwa. Hela yote niliyookoa kwa kutobadilisha jina iliishia kwenye gesti na vocha, na usingizi sikupata. Sitaki yakukute.

Sasa Sauzi mgeni anaruhusiwa kusajili chombo kwa jina lake, ila lazima kwanza apate namba ya usajili ya mgeni, wenyewe wanaiita TRN. Unaiomba ofisi za leseni ukiwa na pasipoti, picha na uthibitisho wa unapokaa, na hapo ndo rafiki yako atakusaidia kweli, akuandikie barua ya ukaazi na atoe bili yake ya nyumba. Namba haitoki siku hiyo hiyo, inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwaiyo usikate tiketi ya kwenda Jumatatu ukitegemea Ijumaa uko barabarani. Ukipata muuzaji wa dukani ambaye ameshawahi kuwasajilia wageni, hata kama bei yake iko juu kidogo, mi ningemchukua yeye kuliko mtu wa mtandaoni mwenye bei tamu. Na hela usimalizie mpaka cheti cha usajili kimetoka na jina lako.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye cheti cha kule, kuna mmiliki na kuna mwenye hati, na wanaweza wakawa watu wawili tofauti. Pikipiki ikiwa ya mkopo, mwenye hati ni benki, na bila barua ya benki haivuki mpaka. Muulize muuzaji deni limeisha lini na akuonyeshe. Namba ya chasis na ya injini zisome mwenyewe kwenye chuma, tarakimu moja moja, ulinganishe na cheti, usikubali kusomewa. Baada ya hapo unachukua kibali cha polisi wa Sauzi kwamba chombo si cha wizi na unakitoa nje ya nchi kihalali.

Tuje kwenye bima. Hapana, moja haitoshi, na sababu ni kwamba unapita kwenye mifumo tofauti. Sauzi hawalazimishi bima ndogo kama sisi, wana mfuko wa ajali za barabarani unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, ukijaza petroli umeshachangia. Lakini mfuko huo unaangalia watu walioumia, haulipi mali, ukimgonga mtu gari yake unamlipa wewe. Kwaiyo tafuta kampuni ikukatie ya hiari, na kama unaweza kata bima kubwa, ila uwaulize inafika nchi zipi na majina ya nchi hizo yaandikwe kwenye karatasi, neno la mdomo la wakala halikusaidii ukiwa Francistown, Botswana, pikipiki imeibiwa.

Ukiingia Botswana unalipia pale pale mpakani kibali cha barabara pamoja na bima ya muda mfupi ya kumlinda mtu wa tatu. Risiti zote tunza, askari wa mbele wanaziuliza. Toka Nata kwenda Kazungula, mpakani na Zambia, usiendeshe usiku hata kama una haraka, tembo wanavuka barabara na tembo hana taa. Mto Zambezi siku hizi unavuka kwa daraja lililofunguliwa 2021, zamani ilikuwa pantoni na foleni yake ilikuwa mateso.

Zambia ndo mambo yanakuwa mepesi. Ukishakata bima ya pale omba na kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kadi inayofanya bima ya nchi moja itambulike na nyingine, mpango huu upo tangu 1987 na Tanzania bado imo japokuwa tulishajitoa COMESA yenyewe. Kadi hiyo ndo itakuvusha Tunduma bila kukata bima nyingine, ila hakikisha Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ulizolipiwa. Usichanganye lakini, kadi ya njano inamlipa uliyemgonga na inasaidia matibabu ya dharura, pikipiki yako ikiibiwa au ikipondeka haikupi hata senti. Na Botswana na Sauzi haitumiki kabisa.

Bima yako mwenyewe ya afya ya safari usiisahau, na isome vizuri, nyingi zinakataa pikipiki zaidi ya siisii 125 mpaka uongezewe kipengele. Watu wengi wanaligundua hili wakiwa hospitali.

Mwisho Tunduma. Wewe ni mkazi, pikipiki inakuja kubaki, kwaiyo usijaribu kuchukua kibali cha muda kama mtalii anayepita. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni kabla hujafika, vishoka wa pale mpakani achana nao. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18, kuna usajili, na TRA wanaweza kuangalia thamani wao wenyewe badala ya risiti yako, kwaiyo piga hesabu hiyo ukiwa bado Nkuhungu, inawezekana kabisa ukakuta ile ya bei ya kutisha ya hapa Dodoma haijazidi sana. Ikishapata namba ya MC kata bima ya hapa siku hiyo hiyo na uihakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

SWALI: Anko mi ni bodaboda wa Kondoa, nataka kwenda Nairobi, Kampala na Kigali na pikipiki yangu ya mkataba, nimebakiza miezi miwili. Kadi ya njano nayo naipata wapi? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Kaka, kadi ya njano unaipata kwa kampuni iliyokukatia bima hapa nyumbani kabla hujaondoka, inaongezwa juu ya bima uliyonayo, na waambie ukweli kwamba ni ya biashara. Leseni yako inatambulika nchi hizo tatu, ila Rwanda wanaendesha upande wa kulia, siku ya kwanza nenda taratibu. Tatizo lako ni kadi ya pikipiki, iko kwa bosi na ina jina lake. Malizia hiyo miezi miwili, badilisha jina TRA, ndo uende Namanga.