Mpime kemia kabla hujamfundisha: ushauri kwa wanaoandaa vijana wa uhandisi

Huku Lubumbashi, Kongo, matokeo ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) yakishatoka na poda nyeupe ya kushangilia ikishamwagwa vichwani, swali linalofuata nyumbani ni moja: anaingia fakulte gani? Katika mji uliozaliwa na shaba, wazazi wengi jibu wanalo tayari. Migodi, metalurjia, umeme, ujenzi. Basi kijana analetwa kwangu. "Yaya, umwangalie kidogo kemia yake, asije akarudia mwaka wa kwanza." Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kupima shaba na kobalti ndani ya mawe na miyeyusho, lakini Jumamosi nina meza, ubao mdogo, na vijana wanne watano wamekaa wakisubiri niwafundishe.

Siwafundishi siku hiyo. Nawapima. Na huu ndio ushauri wangu kwa yeyote anayemsaidia mdogo wake, au kwa mwanafunzi anayejiandaa peke yake: usifungue sura ya kwanza ya kaye (daftari) kabla hujajua ndani ya kichwa kuna nini. Na usidanganyike na asilimia za diploma. Exetat kwa sehemu kubwa ni mtihani wa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Kijana anaweza kuwa hodari wa kuchagua, tena hodari kweli, bila kujua kwa nini jibu lile ni sahihi na mengine si sahihi. Chuoni profesa hatamwekea majibu matano mbele yake achague.

Halafu kuna suala la mahali walipotoka, yaani mchepuo waliosoma sekondari. Aliyesoma biokemia ameshakutana na moli (kipimo cha kuhesabia atomu na molekuli) na asidi mara nyingi. Aliyesoma math-fizikia anahesabu haraka kuliko wote, lakini kemia aliipita kwa miguu ya mbio. Aliyetoka tekniki, umeme au makanika, mara nyingine hakuigusa tangu madarasa ya chini, ila mikono yake inajua vitu ambavyo wenzake wamevisoma tu. Ukiwawekea somo moja kabla ya kuwapima, mmoja atasinzia na mwingine atazama.

Mtihani wenyewe uwe mfupi, wa nusu saa hivi, bila kalkuleta (isipokuwa swali moja) na bila pointi. Hilo la pointi nalisisitiza. Ukiandika "kwa ishirini" juu ya karatasi, kijana ataanza kukisia na kuchungulia kwa jirani, nawe utapima hofu yake badala ya kemia. Uzito wa atomu nawapa, umeandikwa juu ya ukurasa: H 1, C 12, O 16, Al 27, S 32, Cu 63.5. Sina haja ya kujua nani amekariri jedwali, maana hata sisi kazini limebandikwa ukutani. Kila swali linaishia na "kwa nini?", na ruhusa ni kuandika kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha nyumbani, vyote sawa. Kijana akieleza kwa lugha anayogombania nayo sokoni, hana maneno makubwa ya kujificha nyuma yake.

Swali langu la kwanza ni la mbabula, jiko letu la makaa. Mama amewasha makala (makaa) kilo moja asubuhi kupika bukari (ugali). Jioni kuna majivu kidogo tu, yanajaa kiganja. Uzito mwingine umeenda wapi?

Utashangaa majibu. "Umekuwa moto." "Umekwisha." "Umegeuka kuwa nguvu." Na hawa ni vijana ambao ukiwauliza sheria ya Lavoisier wanaitoa bila kukwama: hakuna kinachopotea, hakuna kinachoumbwa. Wameisema maisha yao yote lakini hawajawahi kuipeleka jikoni. Jibu ni kwamba kaboni imeshikana na oksijeni ya hewani ikaondoka kama kaboni dioksidi. Gramu 12 za kaboni zinachukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za hewa hiyo. Kwa hiyo kilo moja ya kaboni tupu inatoa kilo 3.67 hivi. Makala si kaboni tupu, lakini hoja inabaki: kilichotoka juu ya mbabula ni kizito kuliko kilichowekwa ndani. Hapo ndipo kijana anakunja uso. Mwache akunje. Uso ule ndio dalili kwamba somo limeanza.

Swali hilo lina mkia: kwa nini hatulali na mbabula chumbani milango ikiwa imefungwa? Anayejibu "moshi" hajafika, kwa sababu makala yaliyoshika vizuri hayana moshi na bado yanaua. Oksijeni ikipungua, kaboni inatoa monoksidi, CO badala ya CO2, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoshika damu mahali pa oksijeni. Kijana atakayefanya kazi karibu na tanuru au chini ya ardhi anapaswa kulijua hili kabla hajajua jina la profesa wake.

La pili ni la sufuria. Maji yamechemka, mapovu makubwa yanapanda. Ndani ya povu kuna nini? Wengi wanaandika "hewa", wengine "hidrojeni na oksijeni". Huyu wa pili ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa sababu ameelimika kiasi cha kukosea: anajua maji ni H2O, basi anadhani moto wa jikoni unaivunja molekuli vipande. Povu la maji yanayochemka ni mvuke wa maji, molekuli zilezile zilizoachana tu. Vipovu vidogo vinavyotokea mapema, kabla ya kuchemka, hivyo ndivyo hewa iliyokuwa imeyeyuka. Asiyetofautisha kuchemka na kuvunjika kwa molekuli, usimpeleke kwenye milinganyo bado. Atajaza namba tu.

Baada ya hapo nawachoresha. Andika mlinganyo wa hidrojeni na oksijeni kutoa maji, usawazishe, kisha uuchore kwa viduara. Kusawazisha wanajua, hilo wamelimwagiwa tangu zamani. Ni kuchora ndiko kunakofichua. Utaona 2H2O imechorwa kama dude moja lenye hidrojeni nne na oksijeni mbili zimeshikana mkono. Kwake ile 2 ya mbele na ile 2 ndogo ya chini ni namba za kuchezea mpaka pande zote zilingane. Mwaka 1987 walimu wawili wa Marekani, Susan Nurrenbern na Miles Pickering, walionyesha jambo hilihili: wanafunzi wanaokokotoa maswali ya kemia vizuri wanashindwa wakionyeshwa picha ya chembe zilezile na kuulizwa kinachotokea. Kwa hiyo si ugonjwa wa Katanga, eneo letu hili, peke yake.

Swali la moli nalifanya jepesi makusudi. Gramu 10 za shaba na gramu 10 za alumini: wapi kuna atomu nyingi zaidi? Hakuna hesabu inayohitajika. Atomu ya alumini ni nyepesi, basi kwa uzito uleule zinaingia nyingi, zaidi ya mara mbili ya za shaba. Anayejibu "shaba, kwa sababu ni nzito" anahitaji mfano wa dagaa na makambale kwenye mzani wa soko, kilo kwa kilo, na pengine hatahitaji kingine.

Sasa tufike kwenye swali ninalolipenda, na ambalo ningekushauri uliige. Chukua malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa shanga na wanyama wadogo kuuzwa kwa wageni. Fomula yake ni Cu2CO3(OH)2, uzito wa moli moja gramu 221. Tunaiyeyusha kwa asidi sulfuriki, kama viwanda vyetu vinavyofanya kwa mawe ya oksidi:

Cu2CO3(OH)2 + 2 H2SO4 → 2 CuSO4 + CO2 + 3 H2O

Mlinganyo nawapa umeshasawazishwa. Nauliza: kilo 1,000 za malakiti safi zinataka kilo ngapi za asidi safi? Hapa kalkuleta ruhusa.

Uzuri wa swali hili uko katika majibu ya makosa. Moli mbili za asidi ni gramu 196, kwa hiyo jibu ni 196 gawanya kwa 221, mara 1,000, yaani kilo 887 hivi. Akileta 443, hana tatizo la moli, amesahau tu ile 2 mbele ya asidi. Mrudishe kwenye mchoro wa viduara, dakika kumi zinatosha. Akileta 2,000, shida ni kubwa: amesoma mlinganyo kama resipe ya kilo, malakiti moja asidi mbili, na moli kwake bado ni neno la kitabuni. Huyo anaanza mwanzo, na si aibu. Akileta 1,000 amekisia. Akileta 887 bila kipimo mbele yake, mwulize "887 nini?" na usimwachie mpaka aseme kilo. Namba moja, na tayari unajua umpe nini wiki ijayo. Ndiyo maana nasema unapotunga swali, likokotoe kwanza kwa njia zote mbaya unazozijua, uone kama kila njia inatoa jibu lake. Makosa mawili yakitoa namba moja, badilisha swali.

(Wenye kazi za kiwandani wataniambia kwamba jiwe la kweli halina malakiti safi, na kwamba dolomiti iliyomo (jiwe jingine la kaboneti) inakula asidi bila kutoa hata gramu ya shaba. Ni kweli, na inauma mfukoni. Lakini hayo ni ya mwaka wa tatu.)

pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho kila hatua moja ni mara kumi, napita haraka: myeyusho umetoka pH 3 ukafika pH 5, asidi imepungua mara ngapi? Mara mia. Anayejibu "mara mbili" hajakutana na logarithimu, na hapo tatizo liko upande wa hisabati. Wa math-fizikia ndio wanaong'ara.

Swali la usalama halina nusu jibu. Unataka kuchanganya asidi sulfuriki kali na maji. Nini kinamiminwa ndani ya nini? Asidi ndani ya maji, taratibu, huku unakoroga. Asidi ya asilimia 98 ina gramu 1.84 kwa kila mililita, karibu mara mbili ya maji. Ukimwaga maji juu yake, yanakaa juu, joto linatoka kwa ghafla pale yanapokutana, maji yanachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Anayekosa hili simwambii "pole, utajifunza". Hagusi chupa yoyote mpaka anieleze kwa mdomo wake, pamoja na sababu.

Wa ujenzi huwa wananiuliza kemia ni ya nini kwao. Nawauliza chokaa inatoka wapi. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa kwenye tanuru zinabaki kilo 56, nyingine 44 zimeondoka hewani. Anayenunua mawe kwa tani na kuuza chokaa kwa tani bila kulijua hilo atafilisika kabla ya kumwaga zege.

Kwa anayejipima peke yake: andika majibu kwa kalamu, usifute, kisha mweleze mtu ambaye hakusoma kemia. Swali la mbabula mweleze mama yako. Akiuliza "sasa hiyo hewa ilikuwa na uzito tangu lini?" na ukakwama, umepata swali la kwenda nalo kwa mwalimu, bora kuliko lolote lililoko kwenye kaye.

Karatasi za siku ya kwanza zitunze. Baada ya wiki tatu nne rudisha mtihani, lakini usiurudishe kama ulivyo, maana watakuwa wameshaambiana majibu. Mahali pa malakiti mimi naweka chokaa iliyozimwa kwa maji, ile tunayotumia kuua asidi kwenye maji machafu:

Ca(OH)2 + H2SO4 → CaSO4 + 2 H2O

Kilo 1,000 za asidi zinataka kilo ngapi za chokaa? Moli ya chokaa ni gramu 74, ya asidi 98, jibu ni kilo 755. Mara hii ile 2 iko mbele ya maji na haihusiki kabisa. Aliyekariri kwamba "lazima uzidishe kwa mbili" atakuletea 1,510, tena kwa kujiamini, na huyo mwekee kiti Jumamosi ijayo.