Sweta imegeuka deni

*Shangazi, shikamoo. Nipo Mwanga hapa Kigoma, nina watoto wawili na ninatunza hesabu za duka la jumla. Wiki hii imenielemea. Tajiri anataka hesabu za mwezi Ijumaa, mdogo wangu anaumwa na yuko kwangu, na Jumamosi mama mkwe anashuka na treni kutoka Tabora. Atalala kwetu siku mbili, kisha aende Kasulu kumwona mtoto mchanga wa wifi yangu. Nikasema nimfumie mtoto sweta, bibi yake aipeleke. Usiku wote wakilala nashika uzi na spoku za baiskeli kama tulivyofundishwa shuleni. Nimefumua mara tatu. Inatoka ngumu kama kadibodi, vitanzi vinaongezeka vyenyewe, vidole vinauma, na jana nimelia. Mume wangu anasema nafumua pesa. Zamani kufuma kulinituliza. Niache?*
*Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kufuma usiache. Weka pembeni hiyo sweta, tena leo, ndani ya mfuko, uufunge.

Sweta ina mgongo, vifua viwili, mikono miwili na shingo, na kila kipande kina hesabu yake. Wewe mchana kutwa unahesabu mali ya mtu, halafu usiku unakwenda kuhesabu tena, na safari hii una tarehe ya Jumamosi na macho ya mama mkwe juu yake. Hilo ni deni la tatu umejiandikia mwenyewe. Kinachotuliza katika kufuma ni mkono kurudia jambo moja hadi pumzi ifuate, na mkono haurudii kitu kama kila baada ya mistari minne unasimama kujiuliza umefika wapi.

Kabla ya kingine chochote, tuzungumzie hizo spoku. Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Uzi wa sweta wa unene wa kati unaouzwa sokoni unataka sindano ya milimita 4. Ndiyo maana kazi inakuwa kadibodi na vidole vinauma: unalazimisha uzi mnene upite kwenye kitanzi kisichomtosha. Na mtu mwenye mawazo huvuta uzi kila anapomaliza kitanzi, bila kujijua. Kipimo ni rahisi: vitanzi viteleze kwenye sindano kwa kusukumwa na kidole kimoja. Vikigoma, umekaza.

Ukienda kununua sindano usitaje namba tu. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4, namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5, na sindano za mitumba zinakuja za aina zote mbili. Ukikosa, tafuta vijiti vya mishikaki vile vinene, vya mwanzi. Panga vitano bega kwa bega juu ya rula; vikijaza sentimita 2, kila kimoja ni milimita 4. Piga msasa hadi kisikamate uzi, ncha iwe ya mviringo isiyochoma, kisha sugua na mshumaa. Upande wa pili viringisha rababendi vitanzi visitoroke. Kwa joto la huku ziwani mwanzi unaupita chuma, maana mkono wa jasho hauteleziteleza.

Sasa kazi yenyewe. Fuma kitambaa cha mshazari, kinachoanzia kwenye kona. Chukua uzi wa pamba wa unene huohuo, rangi nyepesi, kwa sababu uzi mweusi chini ya taa ya sola ni kujitafutia kilio kingine. Gramu 25 zinatosha kitambaa kimoja cha sentimita 20 kila upande.

Anzisha vitanzi 4, vinne tu. Fuma mstari mmoja wa kawaida, uzi ukiwa nyuma. Kuanzia mstari wa pili, kila mstari ni uleule: fuma viwili, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, fuma vilivyobaki hadi mwisho. Ule mzunguko ni kitanzi kipya na unaacha kitundu kizuri ukingoni. Unageuza kazi, unafanya hivyohivyo. Huna haja ya kuhesabu mistari. Pima ukingo wa mteremko kwa rula. Ukifika sentimita 20 utakuwa na vitanzi kama 60, na hapo unaanza kurudi. Kurudi ni hivi: fuma kimoja, fuma viwili pamoja, zungusha uzi, fuma viwili pamoja, maliza mstari. Kila mstari unapunguza kimoja. Vikibaki 4, funga. Uzuri wake ni kwamba katikati unapochoka umeshavuka mstari mrefu kuliko yote, na kila mstari unaofuata ni mfupi kuliko uliopita. Kwa mtu aliyechoka hilo si jambo dogo.

Vile vitanzi vinavyoongezeka vyenyewe navyo vina sababu. Unapogeuza kazi, uzi unabaki umepandia juu ya sindano. Kitanzi cha kwanza kinavutwa juu, miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili, nawe unavifuma vyote. Kabla ya kuanza mstari, shusha uzi chini mbele ya sindano, uone mguu mmoja umesimama, ndipo uupitishe chini ya ncha kwenda nyuma. Sekunde mbili tu.

Kitanzi kikiponyoka usiku, usikifukuze. Kichomee pini ya nguo kisishuke zaidi, ukalale. Asubuhi utakipandisha kwa kroshia, mstari baada ya mstari. Wala usifumue baada ya saa nne usiku. Kosa la saa tano likitazamwa asubuhi mara nyingi ni kitanzi kimoja, lakini saa tano linakuwa ushahidi kwamba hufai. Fuma nusu saa, umalizie mwisho wa mstari, kwani ukiacha katikati vitanzi vinateleza na uzi unalegea pale uliposimama. Kama usingizi utaendelea kugoma hata baada ya mgeni kuondoka na hesabu kukabidhiwa, nenda kituo cha afya ukaonane na mhudumu. Hilo si la sindano.

Mume wako mwambie uzi uliofumuliwa haujapotea. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba laini, uloweke maji ya uvuguvugu, utundike na kitu chepesi chini yake. Mawimbi mengi yatanyooka. Na kwa kuwa ana nafasi ya kukagua matumizi ya uzi, kwenda stesheni Jumamosi kumpokea mama yake iwe kazi yake.

Mama mkwe asipoondoka mikono mitupu utafurahi, najua. Basi Jumapili fuma kofia kwa uzi wa ile sweta, sindano ileile ya milimita 4. Anzisha vitanzi 72, mstari mmoja wa kawaida, unaofuata wa kinyume, uzi ukiwa mbele. Ukingo utajikunja wenyewe. Uache, ndiyo pambo lake. Endelea hadi sentimita 17 ukiwa umeukunjua. Kisha, kwenye mstari wa kawaida, fuma viwili viwili pamoja vibaki 36, rudi kwa kinyume, halafu viwili viwili tena vibaki 18. Kata uzi ukiacha sentimita 40, upitishe kwenye vyote 18 kwa sindano butu, vuta kwa nguvu, na ubavu ushonwe kwa huohuo. Utapata upana wa sentimita 33 hivi. Usiogope udogo, kofia ya mtoto mchanga hutanuka, na ikilingana na kichwa inadondoka. Uzi huu ukiwa akriliki, usipige pasi, hasa ile ya mkaa: unalegea na haurudi. Kushona ule ubavu mwachie mama mkwe mwenyewe kama anapenda, mzigo upungue na maneno yapatikane.

Sweta itamfuata mtoto kwa gari la Kasulu. Yapo kila siku. Ila usifume ya mchanga, ataikuta imeshambana. Fuma ya miezi sita: mzunguko wa kifua sentimita 48, mgongo vitanzi 54 kwa sindano ya milimita 4. Asubuhi za Kasulu zina baridi, itavaliwa.