Mwanangu, usianze na majina

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ofisi yenu ya wadi hapo Kisauni, Mombasa, iwape polisi orodha ya vijana wa maskani ili ufanywe msako mmoja, mashambulizi ya magenge yaishe. Nakuomba usikubali.

Orodha ya majina huvimba. Mwaka 2016 mkaguzi wa jimbo la California alipekua rejista ya magenge iitwayo CalGang, akakuta watu 42 ambao, kwa tarehe zao za kuzaliwa, walikuwa hawajatimiza mwaka walipoandikwa. Kati yao 28 waliandikiwa kwamba wamekiri wenyewe kuwa wanachama. Na kwetu, jina lililowekwa vibaya linaweza kumgharimu mtoto wa watu uhai wake.

Jiji la Boston, Marekani, halikuanza na majina; lilianza na ugomvi uliopo kati ya makundi. Mwaka 1990 waliuawa watu 152 jijini humo. Baadaye polisi, maafisa wa probesheni (wanaosimamia waliohukumiwa kifungo cha nje) na wahudumu wa vijana waliizunguka ramani wakachora: kundi gani, mtaa upi, lina wangapi, limehasimiana na nani. Yakapatikana makundi 61 yenye vijana kama 1,300. Hawakufika asilimia 1 ya rika lao, lakini walihusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana.

Mwaka 1996 wakaanza kuwaita wanachama waliokuwa chini ya probesheni, ana kwa ana, wakawaambia: kundi litakaloua, sheria zote zitalishukia kundi zima, hadi hati za kukamatwa ambazo hazijatekelezwa na kunywa pombe barabarani. Anayetaka kazi au shule, wahudumu hawa hapa. Kufikia 1999 mauaji yalikuwa 31. Mwaka 2000 mpango ukaachwa, na mauaji yakapanda tena.

Kwa hiyo chukua mashambulizi ya miezi 12 iliyopita. Kaa na wazee wa mtaa, nyumba kumi na afisa wa probesheni. Kwa kila tukio andika nani dhidi ya nani, wapi, na chanzo: simu iliyoibwa, mpenzi, kisasi, au mwanasiasa aliyelipa. Hilo la mwisho msilifiche.

Mpango huu huharibika onyo likitolewa lisitekelezwe, au mkiahidi kazi isiyokuwepo. Hata nafasi tano za ufundi ziwe tayari kabla hamjamwita kijana yeyote.

Mzazi wako akupendaye