Je, JKT inamfikisha kijana Zimamoto?

Mdogo wangu, umeuliza kama miaka 2 ya kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) katika kambi ya Maramba, mkoani Tanga, itakupatia kazi ya zimamoto moja kwa moja. Haitakupatia. JKT si ajira wala haiahidi ajira, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, huajiri kwa tangazo lake lenyewe, hivyo cheti chako cha JKT kitapimwa kwa masharti ya tangazo hilo.

Hata hivyo, miaka hiyo haitapotea. Mpira wa kuzimia moto ukishajaa maji huwa mzito na hukurupuka kama nyoka, kwa hiyo hutaka watu wawili wanaosikilizana kwa amri fupi, na aliyezoea kwata na mchakamchaka wa alfajiri hahitaji kufundishwa hilo upya. Kuvaa mtungi wa hewa na kupapasa ukuta ndani ya moshi ndiko utakakojifunza baadaye, pengine hapa hapa mkoani Tanga, kwa kuwa chuo cha Zimamoto cha Chogo kiko Handeni. (Usiache kujifunza kuogelea, uokoaji ni pamoja na majini.)